Jinsi ya kurudisha gari ya zamani mpaka ibebe kombe la maonyesho

Jaji akifika kwenye gari yako siku ya maonyesho, mara nyingi hata rangi haangalii kwanza, anainama. Anachungulia chini na tochi, anaangalia kichwa cha bolti, anaangalia klipu iliyobana mpira wa radieta, anafungua buti kuona jeki ipo na spana zake zipo, baadae ndo anarudi kwenye rangi. Kwa hiyo ukitaka kushinda inabidi uanze kufikiria kama yeye tangu siku unayoinunua gari, maana kinachopimwa pale ni ukweli wa gari, yaani inafanana kiasi gani na ilivyokuwa siku mteja wa kwanza anakabidhiwa funguo. Chama cha AACA cha Marekani, kilichoanzishwa 1935, wao gari inaanza na pointi 400 alafu majaji wanakata kidogo kidogo, na kipimo chao ndo hicho hicho, gari iwe kama muuzaji alivyoweza kuikabidhi ikiwa mpya. Wanakata mpaka kwa klipu. Ukishalielewa hilo, hatua zote hapa chini utaona kwa nini ziko hivyo.

HATUA YA 1: Chagua gari, na ujiulize kama kweli inatakiwa kuguswa

Hapa ndo hela inapookolewa au inapopotea. Msimamo wangu ni huu, bora gari iliyokamilika vitu hata kama injini imekufa, kuliko gari inayowaka vizuri lakini imepungukiwa. Injini inafufuliwa, mafundi wapo na pistoni zinapatikana, lakini fremu ya kromu ya taa, saa ya dashibodi, kioo chenye nembo ya kiwanda pembeni, hivyo vinaweza kukusumbua miaka na bado ukapata feki. Pita gari nzima na kitabu cha spea mkononi kabla hujatoa hela, weka tiki kilichopo, weka alama kisichokuwepo.

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili usikwangue rangi. Ipitishe kwenye madigadi, chini ya milango, pembeni ya kioo cha nyuma, na kila inapokataa kushika jua kuna puti nene (ule udongo wa kujazia mabonde ya bati) au faiba chini yake (ila hakikisha kwanza bodi yenyewe sio ya aluminiamu au faiba toka kiwandani). Alafu tafuta kutu kule maji yanakoingia yakakosa pa kutokea: sakafu chini ya kapeti, vizingiti vya chini ya milango, chini ya betri, shimo la tairi la spea, kona za kioo cha mbele, na sehemu springi zinapofungwa kwenye chasi. Kutu ya juu juu isikutishe. Kutu iliyotoboa mahali panapobeba uzito wa gari, hiyo ndo ihesabie muda na hela, na makadirio yako ya mwanzo yazidishe mara mbili, watu karibu wote waliomaliza gari watakwambia hivyo hivyo.

Namba nazo ni lazima. Namba ya chasi, namba ya injini, kibati cha kiwanda, na kama giaboksi ina namba isome pia. Gari yenye injini yake ya kuzaliwa ina uzito tofauti kabisa mbele ya majaji, na kibati kilichong'olewa na kupigwa riveti upya kinaonekana, riveti za kiwanda wanazijua.

Sasa kabla ya yote jiulize swali ambalo wengi wanaliruka. Gari umeikuta na rangi yake ya kiwandani, siti zake, kapeti zake, imechakaa tu kwa umri? Simama kwanza. Kwenye maonyesho makubwa siku hizi kuna daraja la magari yaliyohifadhiwa bila kurudishwa upya, na Pebble Beach kule California, maonyesho yaliyoanza 1950, kombe kuu la mwaka 2024 lilikwenda kwa Bugatti Type 59 ya 1934 iliyohifadhiwa ilivyo, na ilikuwa mara ya kwanza gari ya namna hiyo kuchukua kombe kuu pale. Hiyo rangi ya zamani ukishaikwangua hakuna fundi duniani atakayekurudishia. Gari ya namna hiyo isafishe, itengeneze breki na injini, basi, ingia nayo kwenye daraja lake. Mwongozo huu uliobaki ni wa gari ambayo imeshaharibika au imeshachezewa na watu kiasi kwamba hakuna asili ya kulinda.

HATUA YA 2: Kusanya ushahidi kabla ya kushika spana

Tafuta vitu vitatu: kitabu cha spea cha kiwanda chenye michoro inayoonyesha kila nati inakaa wapi, kitabu cha fundi, na brosha au picha za gari hiyo zilizopigwa ikiwa bado mpya. Kuwa makini na brosha maana wachoraji wa zamani walikuwa wanaremba, na gari za kwenye brosha mara nyingine zilikuwa za majaribio, kwa hiyo ikipingana na kitabu cha spea amini kitabu cha spea. Watengenezaji kadhaa bado wana kumbukumbu zao, Jaguar, Mercedes-Benz na Porsche unaweza kupata karatasi inayosema gari yako ilitengenezwa lini, ilitoka na rangi gani na vifaa gani. Hiyo karatasi siku ya maonyesho inafunga mjadala.

Rangi isikuponze. Gari iliyotoka na kijivu ukaipaka nyekundu sababu nyekundu inavutia, kuna sheria za maonyesho zinakubali ilimradi rangi hiyo ilitumika kwenye modeli hiyo mwaka huo, na kuna nyingine zinakata. Ford Model T ya kati ya 1914 na 1925 kwa mfano ilikuwa inatoka kiwandani nyeusi tu, ukija na ya kijani ya mwaka 1920 hata mtoto wa jaji atakuuliza.

Kwa hiyo chagua mapema unataka kuingia shindano gani na daraja gani, tafuta kitabu cha sheria zao, na usome kile kikaratasi cha kukatia pointi mstari kwa mstari. Alafu tafuta gari nyingine kama yako ambayo haijawahi kuguswa, omba mwenyewe akuruhusu kupiga picha, piga chini, piga ndani ya boneti, piga nyuma ya dashibodi, piga waya zinavyopita na zilivyofungwa. Picha hizo zina thamani kuliko ushauri wa watu kumi.

HATUA YA 3: Kuifungua

Piga picha mpaka uone unapitiliza, alafu ongeza nyingine. Kila kitu kabla hakijatoka, kikiwa kinatoka, na kikishatoka. Bolti zake ziingie kwenye mfuko wake na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika zimetoka wapi, na usichanganye mifuko ya milango na ya madigadi hata kama bolti zinaonekana sawa, maana urefu unatofautiana kidogo na ukizibadilisha utatoboa kitu. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yana nyuzi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza cha inchi, spana za milimita hazikai vizuri zinakula vichwa, tafuta spana zake.

Usitupe kitu. Kapeti imeoza, usitupe, ndo ramani ya kukatia mpya. Mpira wa mlango umekatika, usitupe, utalinganisha na ule mpya utakaoletewa ambao mara nyingi sio. Kitu kinatupwa pale tu mbadala wake umeshafungwa na umekaa.

Kingine ambacho watu wanakikosa, wakati unafungua tafuta alama za kiwanda: chaki, kalamu ya nta, nukta za rangi kwenye bolti ambazo mkaguzi wa kiwandani aliweka kuonyesha imekazwa, karatasi zilizobandikwa. Pima ziko wapi, ukubwa gani, rangi gani, piga picha na rula pembeni. Mwishoni utazirudisha, na kwenye mashindano makali hizo ndo zinatenganisha wa kwanza na wa pili.

Wakati huo huo, chini ya kapeti na nyuma ya dashibodi na ndani ya milango ndo utapata rangi ya asili ambayo haijapigwa jua. Kata au hifadhi sampuli yake.

HATUA YA 4: Kutoa rangi na kutu

Njia ziko nyingi ila kila moja ina mahali pake. Kupiga mchanga kwa presha ni kuzuri kwenye chasi, kwenye mikono ya saspensheni, kwenye vyuma vinene. Kwenye boneti, paa na milango usikubali, bati pana la unene wa milimita moja au chini ya hapo linapinda likipigwa mchanga, linatoka na mawimbi ambayo utayapigana nayo mpaka mwisho. Huko tumia dawa ya kutolea rangi na kikwangulio, au wakupulizie kitu laini kama magadi au maganda magumu ya jozi (walnut) yaliyosagwa. Ukitumia magadi osha vizuri sana baadae, mabaki yake yanafanya praima (rangi ya msingi) isishike.

Vitu vidogo vyenye kutu, mabano, bawaba, shika hii ya umeme. Beseni la plastiki, maji, na magadi ya kufulia, ile sodiamu kaboneti, kama kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Chaja ya betri ya volti 12, waya wa negativi kwenye kitu chenye kutu, wa positivi kwenye kipande cha chuma cha kawaida cha kutupa, visigusane. Unaacha usiku, kutu inatoka na chuma hakiliwi. Usiweke chuma cha pua kwenye positivi kwa sababu kinatoa kromiamu yenye sumu kwenye maji, na fanyia nje au penye hewa maana inatoa gesi ya haidrojeni, cheche isikaribie, chomoa umeme kwanza ndo utoe waya.

HATUA YA 5: Bati

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo roho ya kazi yote.

Kabla hujakata kizingiti chochote cha chini ya mlango, chomelea mabomba ya kushikilia bodi ndani, kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma kwenye uwazi wa mlango, na kutoka upande mpaka upande. Hasa gari isiyo na paa. Usipofanya hivyo bodi inalegea kidogo tu, hata milimita chache, alafu ukishachomelea kizingiti kipya imeganda hivyo na mlango haufungi tena maisha. Fanya upande mmoja mpaka uishe, ndo uhamie wa pili, na mlango uwe unaupachika na kuutoa kila mara kuangalia.

Kutu inakatwa yote mpaka ufike kwenye chuma kizima, hakuna kuifunika na kiraka juu. Kiraka kikipandishwa juu ya bati la zamani kinaacha mfuko katikati, maji yanaingia, na jaji akipitisha vidole kwa nyuma anasikia ngazi. Kata kiraka kikutane na bati ukingo kwa ukingo. Kama unatumia MIG, mashine ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe, chukua waya mwembamba wa milimita 0.6, choma nukta moja, nenda choma nyingine mbali, rudi katikati, uache ipoe, usivute mstari mrefu kwa mara moja hata kama unajiamini, joto linapinda bati. Kwa bati la nje linaloonekana mi napendelea TIG (ya umeme, waya unalishwa kwa mkono) au gesi kama fundi anaiweza, mshono wake ni laini unagongeka kwa nyundo huku kitako cha chuma kimeshikiliwa nyuma yake, ukanyooka, wa MIG ni mgumu unagoma.

Na kama kiwanda kiliunga bati kwa nukta za mashine, zile duara ndogo zilizopangana kwenye kingo, basi na wewe rudisha nukta, kwa nafasi zile zile ulizopiga picha. Mshono mrefu uliosagwa vizuri mahali ambapo kiwanda kiliweka nukta ni pointi zinaondoka, japo kazi yenyewe inaweza kuwa imara kuliko ya kiwanda.

Baada ya hapo pachika kila kitu, milango, boneti, buti, madigadi, bampa, taa, na kioo kiwe ndani ya mlango maana uzito wake unaushusha, alafu upange mianya. Mianya inapangwa kwenye bati tupu, rangi bado. Iwe sawa juu mpaka chini, kushoto na kulia, ila angalia modeli yako ilikuwaje, gari nyingi za zamani mwanya wake ulikuwa mpana kuliko magari ya leo na ukiubana sana rangi itakwanguana mlango ukicheza. Ukimaliza, fungua tena vyote. Inachosha lakini hakuna njia ya mkato.

HATUA YA 6: Injini na mitambo

Hii inaenda sambamba wakati bodi iko kwa fundi bati. Peleka bloku na silinda hedi zikaoshwe na zipimwe nyufa kabla hujanunua hata gasketi moja, maana bloku ikiwa na ufa spea zote ulizonunua zinakusubiri wewe. Pima shafti ya krenki, ikilika inasagwa na kuwekewa beringi za saizi inayofuata, kawaida robo milimita. Magari yaliyotengenezwa enzi za petroli yenye risasi, yale ya chuma laini kwenye viti vya vali, wekea viti vigumu wakati hedi iko wazi, petroli ya sasa haina risasi ya kuvilinda, na badiliko hilo liko ndani halionekani. Mipira ya mafuta nayo ya zamani haivumilii ethanoli iliyomo kwenye petroli nyingi za leo, tafuta inayoonekana kama ya zamani kwa nje ila ndani imetengenezwa kwa ethanoli.

Kamshafti mpya (shafti inayofungua vali) ya aina ya tapeti bapa inataka oili yenye zinki ya kutosha, na ikiwashwa mara ya kwanza usiiache ikae silensa, yaani ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, ipandishe mpaka kama mizunguko 2000 kwa dakika na uiweke hapo dakika 20 hivi huku mtu mwingine anaangalia presha ya oili na joto. Ikikaa silensa dakika hizo za mwanzo inaweza kujila yenyewe.

Breki badilisha zote, mabomba, mipira, silinda. Vumbi la breki za zamani mara nyingi lina asbesto, usilipulize kwa kompresa hata kidogo, lilowanishe na ulifute, vaa maski. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanakula rangi, ndo maana wengi wa maonyesho wanatumia DOT 5 ya silikoni, ila hiyo haichanganywi na zile nyingine, mfumo uwe mkavu au mpya kabisa.

Sasa upande wa muonekano. Kila bolti ilikuwa na sura yake kiwandani, nyingine zinki, nyingine zinki ya njano, nyingine nyeusi ya fosfeti, nyingine zilipigwa rangi pamoja na injini. Zile za kwako zisafishwe na zipelekwe kupakwa upya, usinunue boksi la bolti za chuma cha pua zinazong'aa, hicho ndo kitu cha kwanza jaji anakiona akifungua boneti. Alama za kichwa cha bolti nazo ni ushahidi. Klipu za mipira, ziwe za aina ya mwaka ule. Betri kama zamani ilikuwa na kifuniko cha lami nyeusi usiweke ya plastiki yenye stika.

HATUA YA 7: Rangi

Afya yako kwanza. Rangi za kisasa za kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) zina kemikali inaitwa aisosayaneti, inaleta pumu ya kudumu, na maski ya mkaa haitoshi kuitegemea kwa sababu harufu yake haikuonyi kwamba chujio limechoka. Inatakiwa maski inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba, na ngozi na macho vifunikwe. Kama huna hivyo mpelekee fundi mwenye chumba chake, wewe fanya maandalizi, maana maandalizi ndo kazi na kupuliza ni saa chache.

Chuma kikiwa kitupu futa mafuta, usikishike kwa mkono mtupu tena, piga praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Puti inakaa juu ya epoksi, nyembamba, isizidi milimita tatu baada ya kupigwa msasa, ikihitaji zaidi ya hapo rudi kwenye nyundo. Alafu praima nene ya kujaza, alafu puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yake, ndo uanze msasa kwa ubao mrefu, namba 180 kisha 320, unapiga kwa mshazari huku na huku, pale weusi unapobaki ni bonde, pale chuma kinapotokea ni mlima. Kurudia rudia hapo ndo kunakotoa gari inayoakisi mstari ulionyooka kama uzi. Usitumie vidole kusukuma msasa, vidole vinachimba mifereji. Maliza na 400 mpaka 600 ya maji kabla ya rangi yenyewe, na kabla ya hapo uiache praima ikae ikauke kwelikweli, ikipigwa rangi haraka inaendelea kusinyaa chini na baada ya miezi unaona mikwaruzo ya msasa imejitokeza juu.

Aina ya rangi: gari nyingi za kabla ya miaka ya 1980 hazikuwa na klia juu (lile tabaka linaloonyesha kama kioo), rangi ilikuwa tabaka la aina moja, selulosi au enameli. Ukipiga klia nene inakuwa na kina kama cha pipi, inapendeza ndio, ila sio yake na mtu anayeijua gari anaona toka mbali. Rangi ya kisasa isiyotaka klia inaweza kufanana sana na ya zamani kama fundi ataipiga nyembamba, soma sheria za shindano lako kama wanaikubali. Ukienda na selulosi yenyewe jiandae na tabaka nyingi na kusubiri sana.

Na sehemu zilizojificha, hapa watu wengi wazuri wanakosea. Kiwanda hakikung'arisha ndani ya buti wala chini ya gari. Kuna mahali rangi ilikuwa nyembamba na ina vipele kama ganda la chungwa, kuna mahali vumbi la rangi lilirukia kwenye chasi nyeusi, na picha zako za hatua ya 2 zinakwambia wapi. Majaji wa chama cha modeli moja wanaweza kukata pointi kwa gari iliyotengenezwa kupita kiwanda, wakati majaji wa maonyesho ya urembo wanapenda kila kona ing'ae. Ndo maana nilisema uchague shindano mapema, huwezi kuridhisha wote kwa rangi moja.

Rangi ikishakauka piga msasa wa maji 1500, 2000, 3000, alafu kompaundi na polishi. Kingo na mistari iliyosimama ya bodi zibandike selotepu ya karatasi kabla hujaanza, pale ndo rangi inatoboka kwa sekunde.

HATUA YA 8: Kromu

Mng'ao wa kromu unatoka chini yake, kwenye kopa iliyosagwa laini na nikeli, kromu yenyewe ni ngozi nyembamba tu. Kwa hiyo mtu akikwambia atapiga kromu moja kwa moja kwenye chuma, muache. Pachika kila kipande kwenye gari kabla ya kukipeleka, bampa iliyopinda kidogo huwezi kuinyoosha ikishapigwa. Vipande vya aloi ya zinki, mikono ya milango na nembo, vikiwa na vidonda tafuta aliyebobea navyo maana vinayeyuka kirahisi, na kila kipande kipige picha na ukihesabu mbele yake kabla hujaondoka.

HATUA YA 9: Umeme na ndani

Waya ziwe za rangi zile zile za kiwanda na kama zilikuwa na ganda la kusuka kwa uzi tafuta za uzi. Zipitie pale pale, zifungwe kwa kile kile, hakuna klipu za plastiki za kukaza kama hazikuwepo enzi hizo. Jua mfumo wako kabla ya kufunga betri, magari mengi ya Marekani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 ni volti 6, na ya Uingereza mpaka miaka ya 1960 mengi yalikuwa positivi ndo iko kwenye bodi, ukifunga kwa mazoea unaunguza vitu.

Siti, anza na springi na kitambaa cha chini yake, ngozi nzuri juu ya springi zilizolala inakunjana mwezi wa kwanza. Upana wa mishono, idadi ya mistari, ukingo wa kapeti, vyote vinahesabiwa kutoka kwenye vile vya zamani ambavyo hukuvitupa. Kama ngozi ya zamani inaokoleka iokoe, inapendwa. Redio, saa, taa ya ndani, hita, kila kitu kifanye kazi, maana majaji wengine wanaomba uwashe kimoja kimoja.

Matairi yawe ya enzi yake. Tairi za radiali, zile ambazo nyuzi zake za ndani zinakatiza moja kwa moja ukingo mpaka ukingo, zilianza kuuzwa na Michelin mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa hiyo gari ya 1935 yenye tairi za radiali imejisema yenyewe. Viwanda vinavyotengeneza tairi za muundo wa zamani vipo.

HATUA YA 10: Kufunga, kuendesha, alafu maonyesho

Wakati wa kufunga kila kona ya rangi iwe imefungwa kitambaa au selotepu, na kazi ya milango na boneti ifanywe na watu wawili. Ukimaliza endesha. Gari inayobebwa kwenye trela bila kuwahi kuendeshwa inavuja siku ya maonyesho, inachemsha, inakataa kuwaka mbele ya jaji. Endesha kilomita za kutosha, kaza upya kwa spana ya kupimia nguvu, rekebisha kabureta, ziba kila tone, ndo uisafishe kwa mara ya mwisho.

Siku yenyewe fika mapema. Toa vijiwe kwenye meno ya matairi, futa ndani ya madigadi, futa vumbi lililoingia njiani kwenye mikunjo ya milango. Weka jeki, spana, pampu na kitabu cha dereva mahali pake. Faili lako la picha na karatasi ya kiwanda liwe karibu ila usimsukumie jaji, mpe akiuliza. Akija simama pembeni, akisema fungua boneti fungua wewe, akisema washa washa, akiuliza jibu kifupi na kwa kweli, kama kitu sio cha asili sema sio cha asili. Usibishane naye pale pale. Kama una ushahidi muonyeshe kwa utulivu, majaji wengi wanashukuru kujifunza.

Matokeo yakishatoka, umeshinda hujashinda, omba karatasi yako ya pointi kama chama kinaitoa. Kila kilichokatwa kiandike, kilinganishe na picha zako uone kama jaji yuko sahihi. Vya klipu, mipira na stika unavibadilisha wiki hiyo hiyo, ila kama ni rangi au mwanya wa mlango ndo umekatwa, subiri usikie na jaji wa maonyesho yanayofuata anasemaje kabla hujashika msasa tena.